Daftari la Kinu cha Pamba

Karatasi zina mistari myekundu ya hesabu:
Tarehe. Marobota. Ratili. Jumla.
Juu ya mistari hiyo babu yangu Luhende,
karani wa kinu cha pamba pale Igogo,
aliandika kwa kalamu ya kuchovya
maneno ya msichana ambaye hakuwahi kumwona.

Jina lake Hedwig. Mji wake Breslau.
Kaka yake, Bwana Lewin, alikuwa fundi wa mashine kinuni,
Myahudi aliyewahi kutoka Ujerumani
na sanduku moja, na koti zito
ambalo Mwanza halikumpa hata siku moja ya kulivaa.
Waingereza wakamwandikisha: Mjerumani, adui.
Alicheka, babu alisema,
kama mtu aliyekimbia moto akakanyaga mwiba.

Daftari la dada yake lilifika posta vita vimekwisha,
limeviringishwa kwa kitambaa cha meza.
Jirani aliyelituma hakuandika jina.
Jioni kumi na tisa wakaketi majabalini nyuma ya kinu,
mmoja akisoma Kijerumani kimoyomoyo
kisha akikitoa kwa Kiswahili chake cha grisi na spana,
mwingine akiandika,
wadudu wa ziwa wakiwajia kama moshi,
wengine wakikaukia kwenye wino.
Wapo hadi leo. Ukurasa wa saba, ukurasa wa thelathini.

*Leo wametaka redio. Baba ameipeleka mwenyewe. Wamempa risiti.*

*Nimeshona nyota kwenye koti. Uzi umenikatikia mara mbili.*

*Dukani turuhusiwe saa kumi mpaka saa kumi na moja.
Saa kumi mayai yamekwisha.*

(Saa hizo babu alizigeuza zikawa zetu.
Alisema njaa lazima isomeke kwa saa unayoijua.)

*Paka hatakiwi tena kukaa na sisi.
Mama amemwogesha kabla ya kumpeleka.*

*Leo baiskeli.*

Pana neno alilolikata mara tatu.
Fedheha. Haya. Aibu.
Akabakiza aibu, na pembeni, kwa penseli:
*lakini si yake.*

Mimi nafundisha historia kidato cha tatu.
Kitabu chetu kina sentensi moja: Wayahudi milioni sita waliuawa.
Ni kweli. Wanafunzi huipigia mstari,
huikariri, huijibu kwenye mtihani, alama mbili.
Kila mwaka yupo wa kuuliza, mwaka huu alikuwa Ng'washi:
Mwalimu, mbona hawakukimbia mapema?
Zamani nilikuwa najibu.
Nilitaja miaka, sheria, mipaka iliyofungwa.
Siku hizi nafungua daftari nasoma yale mayai.
Nasoma ile risiti.
Mtu aliyepewa risiti anadhani ipo siku atarudishiwa.

Masalu, wa dawati la nyuma, asiyeuliza kitu,
akauliza: Paka walimfanya nini?
Daftari halisemi, nikamwambia.
Akasema: Lakini mama alijua. Ndiyo maana alimwogesha.
Nje kengele ililia. Hakuna aliyeinuka.

Maandishi yanakoma katikati ya jambo dogo:
*Kesho nitamalizia habari ya viatu vya Baba.*
Baada ya hapo, kwenye daftari la Hedwig,
kurasa arobaini na mbili hazikuwa na kitu.
Bwana Lewin alizisoma moja moja,
akifunua taratibu, midomo ikicheza.
Babu akangoja, kalamu mkononi.
Kisha naye akahesabu arobaini na mbili kwenye la kinu,
akaziruka.

Mwaka wa shida ya karatasi
shangazi Kabula alizitaka kwa hesabu za dagaa.
Bibi akamnyang'anya.
Hizo, akasema, zimeshaandikwa.

Shangazi alinuna wiki nzima.
Madeni yake ya dagaa aliyaandika ukutani kwa mkaa,
na mvua ya Machi ikayafuta,
na hadi anakufa alikuwa akisema
kuna watu wa Kirumba wamemla, na hana ushahidi.